Barabara si mahakama: Mipaka ya polisi mbele ya dereva mkaidi

MAGARI yamepanga foleni mbele ya kizuizi, jua ni la utosi, na afisa wa trafiki ananyoosha mkono kusimamisha gari dogo la kibinafsi. Dereva anasimama lakini hafungui kioo. Afisa anagonga dirisha. Dereva anateremsha kioo upana wa vidole viwili na kuuliza: "Afande, nimekosa nini?"

"Leta leseni kwanza," afisa anaamuru.

Dereva anarudia swali lake. Afisa anarudia amri yake. Sauti zinapanda, abiria wa matatu iliyo nyuma wanatoa simu zao kunasa picha, na katika muda wa dakika chache jambo ambalo lingemalizwa kwa maneno mawili limegeuka kuwa ugomvi.

Visa vya aina hii si vigeni kwa yeyote anayetumia barabara za nchi hii. Vingi huishia kwa matusi na manung'uniko. Hata hivyo, vipo vilivyoishia hospitalini, vingine seli, na vingine makaburini. Ndiyo maana inafaa kila mwenye kushika usukani, na kila mwenye kuvaa sare, afahamu mipaka ambayo sheria imemwekea.

Kwa ufupi, sheria inasema hivi: ukaidi wa dereva haumpi afisa ruhusa ya kutumia nguvu kupita kiasi kinachohitajika kutekeleza kazi yake. Vivyo hivyo, kosa la afisa halimpi dereva ruhusa ya kutoroka wala kurusha ngumi. Barabarani ni mahali pa kunakili kosa. Mahali pa kuamua nani ana haki ni mahakamani.

Visa viwili vya kutisha

Mapema Juni 2024, video ilienea kote nchini ikionyesha afisa wa trafiki akishambuliwa kwa makonde barabarani katika eneo la Mirema, Nairobi. Afisa huyo alikuwa peke yake na alijeruhiwa huku watu wakitazama. Kijana aliyeshukiwa kuhusika alikamatwa na kufikishwa katika Mahakama ya Milimani.

Lililowashangaza wengi zaidi ya kipigo chenyewe ni maoni ya wananchi. Kunao walioghadhabishwa na kumwona mtumishi wa umma akidhalilishwa. Lakini pia kunao waliomtetea kijana, wakisema kuwa polisi wa trafiki wamewahangaisha madereva kwa miaka mingi kwa kudai hongo. Mgawanyiko huo ulionyesha jinsi imani kati ya pande hizi mbili ilivyodidimia.

Kisa cha pili kilianza Aprili 2015. Mwendeshaji bodaboda Josphat Mwenda aliposimamishwa na polisi katika Kaunti ya Machakos, alipigwa risasi na kujeruhiwa. Badala ya kuombwa radhi, alifunguliwa mashtaka. Alipowasilisha malalamishi kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi (IPOA), wakili Willie Kimani wa shirika la International Justice Mission akajitokeza kumtetea.

Mnamo Juni 23, 2016, Mwenda, wakili wake na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitoweka baada ya kutoka katika mahakama ya Mavoko. Miili yao ilipatikana mtoni eneo la Ol Donyo Sabuk siku kadhaa baadaye. Julai 2022, Jaji Jessie Lesiit aliwapata maafisa watatu wa polisi na raia mmoja na hatia ya mauaji. Februari 2023, Fredrick Leliman, afisa aliyelalamikiwa na Mwenda, alihukumiwa kifo, nao wenzake wakapewa vifungo vya miaka mingi.

Katika kisa kimoja aliyeumia ni polisi. Katika kingine waliopoteza maisha ni raia. Chanzo cha vyote viwili ni jambo la kawaida kabisa: chombo cha usafiri kusimamishwa kando ya barabara.

Dereva anatakiwa kufanya nini?

Watetezi wa haki husahau wakati mwingine kwamba sheria imempa afisa wa trafiki mamlaka ya kweli. Afisa aliyevalia sare akiashiria gari lisimame, dereva hana hiari. Ni lazima asimame. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka kila dereva awe na leseni anapoendesha gari na aionyeshe anapoombwa na polisi.

Kanuni za mwaka wa 2016 kuhusu makosa madogo ya trafiki zimetaja faini za makosa hayo waziwazi. Kukataa kusimama unapoamriwa na afisa aliyevaa sare ni Sh5,000. Kutotii maagizo ya polisi, yawe ya mdomo au ya ishara, ni Sh3,000. Kukosa kubeba na kuonyesha leseni ni Sh1,000. Kuendesha gari bila kufunga mshipi wa usalama ni Sh500, na kutumia simu ya mkononi gari likiwa linakwenda ni Sh2,000.

Viwango hivyo vina funzo kubwa. Vinaonyesha kwamba machoni pa sheria, makosa mengi yanayozua ugomvi barabarani ni makosa madogo ambayo adhabu yake ni fedha. Hakuna hata moja kati yake ambalo adhabu yake ni kofi, teke au risasi.

Lakini kosa dogo laweza kuzaa kubwa. Dereva anayemsukuma afisa, kumpiga au kumzuia kwa makusudi kufanya kazi yake, huwa ametoka katika faini ya mia tano na kuingia katika Kanuni ya Adhabu. Kifungu cha 253 cha sheria hiyo kinatoa adhabu ya hadi miaka mitano gerezani kwa anayemshambulia, kumpinga au kumzuia polisi anayetekeleza wajibu wake ipasavyo. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa hasira ni hasara.

Kuuliza si kukaidi

Kazi ya kwanza ya afisa ni kumtambua mtu aliye mbele yake, kwani si kila asiyetii upesi ni mkaidi.

Kuna dereva mwoga. Huyu ameshika leseni mkononi lakini mikono inatetemeka, na akiulizwa jambo moja anajibu jingine. Kuna aliyesimamishwa usiku mahali penye giza, naye anasitasita kwa kuogopa kwamba waliomsimamisha huenda ni majambazi waliovalia sare. Kuna mwenye mgonjwa garini. Kuna asiyesikia vizuri, na kuna mgeni asiyeelewa lugha anayosemeshwa.

Kuna pia mjuaji, ambaye anataka kuelezwa kosa lake kabla hajatoa leseni. Huyu huwaudhi maafisa wengi, lakini kuuliza kwake si hatia. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema kuwa mtu anayekamatwa lazima aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Afisa anayetaja kosa kabla ya kudai stakabadhi hapungukiwi na kitu. Badala yake, humwondolea dereva kisingizio cha kubishana.

Kisha kuna mlevi, ambaye hoja hazimwingii, na ambaye hatari yake kubwa ni kuachwa aendelee na safari. Na kuna mheshimiwa, au anayejidai kuwa mheshimiwa, ambaye badala ya leseni anatoa simu na kumwambia afisa azungumze na "mkubwa" wake. Huyu ndiye mtihani halisi wa afisa. Kifungu cha 27 cha Katiba kinasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Afisa anayemnyenyekea mwenye gari kubwa, kisha akamkaripia mwenye pikipiki kwa kosa lilo hilo, amevunja sheria hata kama hakumgusa mtu.

Mkaidi hasa, yaani anayekataa kabisa kusimama, anayeondoa gari afisa akiwa mlangoni, au anayeanza kupigana, ni mmoja kati ya wengi. Tatizo hutokea pale wote wanapotendewa kama yeye.

Hiari ya afisa

Hakuna sheria inayoweza kumtajia afisa la kufanya katika kila hali. Ndiyo maana amepewa hiari ya kuamua. Mbele ya kosa moja anaweza kuonya na kumruhusu dereva aende zake. Anaweza kumpa ilani inayotaja kosa lake. Anaweza pia kumkamata ili afikishwe kortini.

Hiari hiyo ni dhamana, wala si mali ya afisa. Maswali ya kumwongoza ni mepesi. Je, kosa linahatarisha maisha? Je, gari likiruhusiwa kuondoka litaua mtu? Je, dereva anajulikana alipo na anaweza kupatikana kesho? Matatu isiyo na breki haifai kuruhusiwa kusonga hatua moja, hata dereva akiwa mpole kama njiwa. Kwa upande mwingine, aliyesahau leseni nyumbani hahitaji kutiwa pingu, hata akiwa mwenye maneno mengi.

Kosa ambalo maafisa wengi hulifanya ni kuadhibu ulimi. Dereva aliyestahili onyo anapelekwa kituoni kwa sababu alijibu vibaya. Na yule aliyestahili kupelekwa anaachiliwa kwa sababu aliomba msamaha kwa unyenyekevu, au kwa sababu mkono wake ulitoa kitu. Hapo hiari imegeuka kuwa kisasi au biashara.

Hongo ndiyo iliyoichafua hiari hii zaidi ya jambo jingine lolote. Wengi wangali wanakumbuka miezi ya mwanzo ya mwaka wa 2003, serikali mpya ya Narc ilipoingia mamlakani, ambapo abiria wa matatu waliwakamata wenyewe polisi waliopokea hongo barabarani. Moyo huo haukudumu. Leo dereva akisimamishwa, jambo la kwanza analolifikiria mara nyingi ni kiasi gani atadaiwa, wala si kosa gani amefanya.

Sheria ya Hongo ya mwaka wa 2016 inamwadhibu anayetoa sawa na anayepokea. Adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha miaka 10, faini ya Sh5 milioni, au vyote viwili. Dereva anayetoa noti ya mia mbili ili aende haraka anajiweka katika hatari kubwa kuliko ya kosa alilosimamishiwa.

Ngazi ya nguvu

Je, maneno yakishindwa? Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka wa 2011 inajibu swali hilo katika Jedwali la Sita. Inasema kuwa afisa atajaribu kila mara kutumia njia zisizo za nguvu kwanza. Nguvu itatumika tu pale njia hizo zimeshindwa au hazina dalili ya kufaulu.

Hata inapotumika, nguvu hiyo lazima ilingane na lengo linalotafutwa, uzito wa kosa, na kiwango cha upinzani wa mhusika. Maana yake ni kuwa upinzani wa maneno hujibiwa kwa maneno. Anayekataa kutoka garini anaweza kutolewa kwa kushikwa, wala si kwa kupigwa. Na mara anapotulia, nguvu hukoma. Kofi linalotolewa baada ya pingu kufungwa halina jina jingine ila shambulio.

Sheria ya Taratibu za Kesi za Jinai inakubaliana na hilo. Kifungu cha 21 kinamruhusu afisa kutumia njia zinazohitajika kumkamata anayepinga kwa nguvu au kujaribu kukwepa, lakini kinaongeza kwamba hakuna ruhusa ya kutumia nguvu kupita kiasi kinachofaa. Kifungu cha 24 kinasema aliyekamatwa hatazuiliwa kwa ukali zaidi ya unaohitajika ili asitoroke. Na ikiwa mwanamke anahitaji kupekuliwa, kifungu cha 27 kinataka apekuliwe na mwanamke mwenzake kwa heshima na staha.

Kuhusu bunduki, masharti ni makali zaidi. Hutumika tu pale njia nyingine hazitoshi, hasa kuokoa maisha ya afisa au ya mtu mwingine yaliyo hatarini. Kabla ya kufyatua risasi, afisa anatakiwa kujitambulisha na kutoa onyo lililo wazi, ila pale kufanya hivyo kungehatarisha maisha.

Msomaji na aweke masharti hayo kando ya kanuni za faini zilizotajwa awali. Gari lililopita kizuizi bila kusimama, pasipo tishio jingine, limefanya kosa la Sh5,000. Kulirushia risasi ni kuweka maisha ya dereva, ya abiria, na ya mama anayeuza mboga kando ya barabara katika mizani moja na faini hiyo. Isitoshe, gari ambalo dereva wake amepigwa risasi halisimami; hugeuka kombora lisilo na mwelekezi.

Afisa mwenye busara hunakili nambari ya usajili, rangi ya gari na mwelekeo wake, kisha akawajulisha wenzake walio mbele kwa redio. Gari lina mwenyewe, na mwenyewe ana anwani. Asiyepatikana leo atapatikana kesho.

Ufunguo na mlango

Yapo mazoea mawili yanayochochea ugomvi mwingi barabarani, nayo yanafaa kuangaliwa upya.

La kwanza ni afisa kupenyeza mkono dirishani kunyakua ufunguo. Tendo hilo humfanya dereva ajihisi ameporwa, naye hushika mkono huo bila kufikiri. Kutoka hapo haijulikani tena nani alimshika mwenzake kwanza. Aidha, gari likisonga wakati mkono ungali ndani, afisa huburutwa.

La pili ni afisa kuingia garini ghafla, au kuning'inia mlangoni mwa matatu, akiamuru dereva aelekee kituoni. Dereva akiwa mwoga hudhani anatekwa nyara. Akiwa mhalifu hupata nafasi ya kumpeleka afisa asikotaka kwenda. Afisa aliye peke yake ndani ya gari la mtu asiyemjua hana wa kumsaidia. Kama lazima gari lifike kituoni, ni salama zaidi afisa aeleze sababu, ataje kituo chenyewe, na awaite wenzake kabla ya safari kuanza.

Dereva naye ana mazoea yake mabaya. Kufunga vioo na kuongeza sauti ya muziki, kumrushia afisa leseni, au kumsogezea simu usoni kana kwamba ni silaha, yote haya humkasirisha mtu aliyesimama juani tangu alfajiri. Hakuna kifungu cha Sheria ya Trafiki kinachomkataza mwananchi kurekodi yanayotokea gari likiwa limesimama. Hata hivyo, kurekodi ni jambo moja na kumzuia afisa kazi ni jambo jingine. Ushahidi bora ni ule ulionaswa kwa utulivu.

Dereva pia ana haki ya kujua anazungumza na nani. Sheria ya polisi inamtaka kila afisa aliyevaa sare awe na bamba la jina au nambari ya utumishi mahali panapoonekana. Kuisoma nambari hiyo na kuiandika si matusi.

Baada ya kukamatwa

Mabishano mengi ya barabarani hutokana na hofu ya seli. Dereva hudhani kwamba akikubali kwenda kituoni, hasa siku ya Ijumaa, atalala huko hadi Jumatatu. Kumbe Katiba imemlinda kuliko anavyodhani.

Kifungu cha 49 kinampa haki ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili, na ya kufikishwa mahakamani katika muda wa saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama inayofuata ikiwa muda huo utaisha wakati mahakama imefungwa. Pia kinasema kuwa mtu hatazuiliwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Kama ilivyoonekana, hayo ndiyo makosa mengi ya trafiki.

Isitoshe, dereva anaweza kuachiliwa kwa bondi ya polisi, ambayo hailipiwi. Akiombwa dhamana ya pesa taslimu, anapaswa kupewa risiti rasmi, na pesa hizo hurejeshwa kesi ikimalizika iwapo amehudhuria mahakamani inavyotakiwa. Pesa zisizo na risiti si dhamana.

Afisa anayemweleza dereva haya yote kando ya barabara humtuliza kuliko afisa anayemtishia kwa seli. Mtu anayejua kwamba atasikizwa na hakimu hana haja ya kupigana na konstebo.

Nani humchunga mchungaji?

Jedwali la Sita linamtaka afisa yeyote aliyetumia nguvu amweleze mkubwa wake mara moja jinsi mambo yalivyokuwa. Mtu akijeruhiwa, ni wajibu wa polisi kuhakikisha anapata matibabu na kuwajulisha jamaa zake. Kukitokea kifo au jeraha baya, IPOA lazima ijulishwe ili ichunguze. Na afisa aliyevunja sheria hawezi kujitetea kwa kusema kwamba alikuwa akitii amri ya mkubwa wake.

Mwananchi aliyedhulumiwa anaweza kulalamika kwa IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2011, au kwa Kitengo cha Masuala ya Ndani cha polisi wenyewe. Ikiwa dhuluma ni ya kudaiwa hongo, yupo pia mchunguzi katika Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC). Anachohitaji ni tarehe, saa, mahali, nambari ya afisa au ya gari la polisi, na majina ya mashahidi.

Kisa cha Mwenda kinaonyesha thamani ya njia hiyo, na pia gharama yake. Alifuata sheria. Hakumrushia afisa jiwe, wala hakukimbia. Alikwenda kulalamika mahali panapofaa. Aliuawa kwa sababu hiyo. Lakini ni njia hiyo hiyo ya uchunguzi, ushahidi na mahakama iliyowafikisha wauaji wake kizimbani, ingawa ilichukua zaidi ya miaka sita kutoka mauaji hadi hukumu. Taifa linalowaomba madereva wasipigane barabarani lina deni la kuwahakikishia kwamba anayelalamika atalindwa.

Mzigo wa mwenye sare

Si haki kuzungumzia mipaka ya polisi bila kutaja hali anamofanyia kazi. Afisa wa trafiki husimama saa nyingi katika jua, mvua, vumbi na moshi. Magari humpita kwa kasi karibu na magoti yake. Madereva kumi humtukana kabla ya saa sita mchana, na wa kumi na moja hupokea hasira ya wote waliomtangulia.

Jopo lililoongozwa na Jaji mstaafu Philip Ransley mwaka wa 2009, na baadaye lile la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga lililowasilisha ripoti yake Novemba 2023, yote yalipendekeza kuboreshwa kwa maslahi ya polisi pamoja na nidhamu yao. Mambo haya mawili hayatengani. Afisa aliyechoka, anayelala vibaya na anayeogopa kutumwa peke yake barabarani, ni rahisi zaidi kuona tishio mahali pasipo na tishio.

Mazoezi nayo yana nafasi yake. Kifungu cha 244 cha Katiba kinataka polisi wafunzwe kufanya kazi kwa ustadi na kuheshimu haki na utu wa binadamu. Kurusha risasi kwa shabaha ni ujuzi, lakini hata kumtuliza mtu mwenye hasira ni ujuzi, na afisa wa trafiki huuhitaji huu wa pili kila siku ya maisha yake.

Wanaoumia ni wengine

Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Afisa na dereva wa matatu wanapovutana, abiria 14 hukwama barabarani. Mmoja amechelewa kazini, mwingine anampeleka mtoto kliniki, mwingine ana mahojiano ya kazi ambayo hayatarudiwa. Hakuna anayewauliza maoni yao.

Na turejee kwenye kizuizi kile, kwenye kioo kilichoteremshwa vidole viwili. Afisa angeweza kuanza hivi: "Habari ya mchana, dereva. Nimekusimamisha kwa sababu hukufunga mshipi. Naomba leseni." Dereva naye angeweza kufungua kioo, kuzima injini, kuweka mikono mahali inapoonekana na kusema: "Salama, afande. Leseni ni hii, lakini kosa hilo silikubali." Afisa angeandika ilani, dereva angekwenda zake, na hakimu angeamua baadaye.

Hapo hakuna aliyeshindwa. Afisa amefanya kazi yake, dereva hajaacha haki yake, na foleni inasonga. Heshima si utumwa, na mwenye kuitoa kwanza hapunguki, awe ameshika usukani au amevaa sare.